Alama Nyekundu Kwenye Sinia

Jamani, adui yangu wa mtandaoni kajitaja mwenyewe leo!

Wiki nzima akaunti isiyo na jina inawaambia wateja wangu kwamba usipa ninaouza, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, una mchanga.
Na wiki nzima wifi yangu ananifariji: "Pole wifi, hapa Mbamba Bay watu wana wivu. Si upumzike kuuza kidogo?"

Leo akaunti ikaweka picha ya usipa "mchafu" kwenye sinia.
Nikaikuza.
Ukingoni, rangi nyekundu ya kucha. Alama ninayotia vyombo vyangu vyote!
Sinia hilo nilimwazima wifi kwenye msiba wa juzi, likiwa na usipa wangu.

Nikajibu hapohapo, kila mtu aone: "Wifi, ukimaliza kupiga picha nirudishie sinia langu."

Akaunti ikafutwa.
Sinia nimelikuta mlangoni, limeoshwa linang'aa. Usipa "wa mchanga" kaula wote, haukubaki hata mmoja.

Nyie, nimpelekee usipa mwingine?