Lori Lililokula Mahari Yangu

Lori la baba lilinunuliwa kwa ng'ombe wa mahari yangu, kwa hivyo mtu asikae mbele yangu akaniambia eti halikuwa langu. Ndugu zangu sasa wanataka kuliuza kama chuma chakavu. Wauze! Limekaa nyuma ya nyumba ya baba kule Kiwanjani, Isiolo, miaka na miaka, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na mimi nikipita huko nageuza uso.

Nilipoolewa, katikati ya miaka ya sabini, watu wa mume wangu walileta ng'ombe kutoka Kipsing mpaka kwetu. Mama alilia kwa furaha akiwaona wakiingia bomani. Hata mwezi hawakumaliza. Kulikuwa na mzungu mmoja upande wa Timau aliyekuwa akiuza mali ya shamba lake ili aondoke, na baba aliwahi kumwendeshea trekta. Basi baba akawaswaga wale ng'ombe wote mpaka mnadani, akarudi na lori la shamba ambalo lilikuwa likibeba ngano na kondoo tangu mimi sijazaliwa.

Mama akatoka nje, akalizunguka mara moja. "Ng'ombe huzaa," akamwambia baba. "Hili dude litazaa nini?"

"Litazaa shilingi," baba akajibu.

Watu wa Kiwanjani nao hawana dogo. Walijua lilikotoka, wakalibandika jina: Bi Harusi. "Bi Harusi ameamka leo?" walikuwa wakimwuliza baba kila asubuhi, na baba alikuwa akicheka pamoja nao. Mimi nilikuwa kwa mume, sikusikia. Nilikuja kusikia baadaye, na sikucheka.

Bi Harusi mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kudumu. Tangi likitoboka, baba aliliziba kwa kipande cha sabuni. Betri ilikuwa pambo tu. Injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma pale mbele, na ukizubaa hendeli inakurudia inakuvunja kidole. Handibreki haikuwako kabisa. Ikibidi lori lisimame kwenye mlima, baba alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote, na taniboi, yule msaidizi wake, akaruka chini na kusukuma kigogo nyuma ya tairi. Kigogo hicho baba alikichonga mwenyewe kutoka kwa mti wa mwiba, akakitia kamba ya kushikia. Mawe yalikuwa yakiteleza au kupasuka. Kigogo hakikuteleza hata siku moja.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya themanini, mtoto wa kike mgongoni. Mume wangu alikuwa amenivunja mkono wa kushoto kwa rungu kwa sababu ya mbuzi aliyepotea, na mfupa ukaunga vibaya. Haikuwa mara ya kwanza kunipiga, lakini ilikuwa mara ya kwanza nikaona mtoto anamtazama akinipiga. Nikamwambia baba wazi: sirudi.

Sasa elewa. Kwetu mwanamke haachiki kwa maneno. Ng'ombe wakirudi, naye amerudi. Wasiporudi, yeye bado ni mke wa mtu, na mtoto wake ni wa watu. Na ng'ombe wangu mimi walikuwa wamegeuka chuma.

"Ngoja lori lifanye kazi," baba akaniambia. "Nitanunua ng'ombe mmoja mmoja mpaka watimie. Tutawarudishia watu mali yao, ukae kwako kwa amani."

Nilimwamini. Nisingemwamini baba yangu, ningemwamini nani?

Kwa hivyo taniboi wake alipokimbilia lori zuri zaidi, nilipanda mimi. Mwanamke! Soko zima lilishika mbavu. Nikajifunga leso kiunoni, nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Tulibeba mchanga wa laga, ile mito mikavu, kwa watu waliokuwa wakijenga mjini, tukabeba kuni, mahindi kutoka Meru, na mbuzi wa mnada. Nilijifunza kuziba pancha. Nilijifunza kufunga gunia lililolowa maji juu ya pampu ya petroli ili ipoe jua linapowaka, maana bila hilo lori linakataa kwenda kama punda. Hendeli nilizungusha kwa mkono mzima, na kigogo nilikisukuma kwa ule uliopinda.

Haki ya Mungu, sijawahi kukitunza kitu ninachokichukia namna ile. Kila mlio mpya nilishuka kuutafuta. Tukipata pesa ya kununua mtamba, springi inavunjika. Tukipata ya dume, gia zinasagana meno. Baba hakuwahi kusema, "Leo tumekula ng'ombe wako mmoja." Alisema, "Lori lazima litengenezwe kwanza, la sivyo tutafanya kazi na nini?" Ungemjibu nini? Alikuwa sawa. Alikuwa sawa kila wiki, na boma letu likabaki tupu.

Siku moja mume wangu akaja na kaka yake mkubwa. Walipewa chai. Kaka mtu hakuingoja hata ipoe.

"Mzee, tumekuja kwa heshima," akamwambia baba. "Ng'ombe au mke. Hatuna la tatu."

Hapo ndipo nilipodhani Mungu amenikumbuka, kwa sababu wiki ileile mchuuzi mmoja wa mifugo wa pale mjini alikuwa amemjia baba akitaka lori. Hakutaka kulipa pesa. Alitaka kulipa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wangetosha mahari yangu. Mchuuzi huyo alisema hayo mbele yetu sote. Sasa, mbele ya wageni, mama aliyekuwa ameshika sufuria akaiweka chini.

"Baba wa watoto," akasema polepole, "yule mtu bado yuko sokoni. Mwite."

Baba akainuka, akaenda mpaka lilipokuwa lori, akafuta taa ya mbele kwa mkono wa shati lake. Aliporudi hakuketi.

"Lori ndilo mkono wangu," akasema. "Nikiliuza tutakula nini hapa? Mtoto wa kike ana kwake."

"Mkono wangu mimi ni huu, baba," nikamwambia, nikamnyooshea ule uliopinda.

Hakuutazama. Mume wangu ndiye aliyeutazama, akarudisha macho kwenye kikombe cha chai.

Asubuhi iliyofuata baba akanipeleka. Na hata safari hiyo hakutaka lori liende bure, la hasha! Alipakia magunia ya mahindi ya mwenye duka mmoja wa Kipsing, mume wangu na kaka yake wakakaa juu ya magunia, mimi na mtoto tukakaa mbele. Tulipita Leparua. Kwenye mlima ulio mbele yake, injini ikakohoa, ikazima.

"Kigogo!" baba akapiga kelele, mguu kwenye breki.

Nikaruka. Watu huniuliza, mbona hukuliacha lirudi nyuma likafie bondeni? Mtoto wangu alikuwa amelala kwenye kiti, mjinga wewe! Nilikisukuma kigogo, lori likakikalia, likatulia. Nikalowesha gunia, nikalifunga juu ya pampu. Kisha nikaenda mbele nikazungusha hendeli mpaka jasho likaniingia machoni, na lile dude likawaka. Wale wanaume wawili walikuwa bado juu ya magunia, wakitazama. Mimi ndiye niliyeliwasha linirudishe kwao.

Lilipoanza kupanda nilichomoa kigogo, nikakimbia nacho, nikadandia likienda. Baba akanitazama, akacheka kicheko chake cha zamani.

"Taniboi kama wewe sitapata tena," akasema.

Nami, mpumbavu, nikafurahi. Nilifurahi kweli, mpaka tulipofika kileleni.

Kipsing nilishuka mtoto akiwa ubavuni, kigogo kikining'inia mkononi kwa ile kamba. Ilikuwa mazoea tu. Sikujua kama ninacho, wala baba hakujua. Alishusha mahindi, akaagana na wakwe zake, akaondoka. Niliweka kigogo karibu na jiko na kukikalia nilipopika.

Siku chache zilipita. Nilikuwa nikichambua maharagwe niliposikia mlio ule kwa mbali. Lori lile hulikosei. Mimi nilikuwa nikijua kila kikohozi chake. Nikajua mama amemshinda baba, nikajua mchuuzi wa mifugo ameitwa. Sikungoja mtu aniambie. Nikafunga nguo zetu kwenye leso, nikambeba mtoto mgongoni, nikatoka nikasimama nje karibu na njia.

Baba akaja, akasimamisha lori mbele yangu. Hakuzima injini. Alitoa kichwa dirishani, mguu wake bado kwenye breki, nami ninajua kwa sababu nilisikia ile breki ikilia.

"Kile kigogo," akasema. "Ulishuka nacho?"

Niliingia ndani nikakichukua, nikampa pale dirishani. Alikipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama," akasema. "Nimeteseka na mawe njia nzima."

Halafu akaliona lile furushi la nguo chini karibu na miguu yangu. Akalitazama kidogo. Akatia gia, akageuza lori, akashika njia ya Isiolo.

Nikamshusha mtoto mgongoni, nikarudi kwenye maharagwe.