Swali la Matroni Kuhusu Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini sikumshika mtoto wala mama mjamzito. Nilishika ufagio. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori kutoka Kipatimu, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, na vyeti vyangu vya shule ya misheni nimevifunga kwenye kanga, nikidhani hospitali ile ya Lindi imeniita kwa ajili ya vyeti hivyo. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, alikuwa mama wa Kiingereza aliyesema Kiswahili cha kitabuni. Aliniangalia viatu, akanionyesha wodi ya wazazi, akasema, "Utaanzia kwenye kona ile."

Vijana wa leo huniudhi wakiniambia kwamba enzi zetu kazi ziliokotwa njiani. Sisi tulijaribiwa kwanza, wiki baada ya wiki, ndipo tukaitwa kwenye usaili. Tulianza wasichana kadhaa. Wengine walishindwa na damu, wengine wazazi wao waliwafuata, na mwishowe tukabaki wawili, mimi na Mwanahawa. Nafasi ya mkunga msaidizi ilikuwa moja.

Mwanahawa alikuwa mtu wa Rasbura, mtaa wa palepale Lindi, amenizidi umri kidogo na kunizidi sana maneno. Tulilala chumba kimoja katika bweni la hospitali. Yeye ndiye aliyenielewesha kile kipembe cha mti tulichokiweka juu ya tumbo la mama ili kusikiliza moyo wa mtoto. Mimi nilikuwa nasikia matumbo yakinguruma tu, mpaka aliposhika mkono wangu akakisogeza. "Tafuta mgongo wa mtoto kwanza," aliniambia. "Moyo unasikika mgongoni. Ukikiweka popote tu utasikia chakula cha jana."

Siku moja tulikuwa tunafua mashuka ya wodi, akaniambia jambo ambalo ningependa asingeniambia.

"Skola, mimi nina mume."

Niliacha kufua. Sharti la hospitali lilikuwa wazi: mwenye mume haajiriwi, na aliyeajiriwa akiolewa hurudisha sare yake akaenda zake.

"Sasa kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Ningesema, ningefika hapa?" Alikamua shuka, akaliweka begani. "Dada yangu alifia mkekani, damu imekataa kusimama, na wanawake wazima wamejaa chumbani. Nilikuwepo. Nataka kujua ilikuwaje ikashindikana. Mume wangu anajua, ameniruhusu."

Mumewe aliitwa Saidi, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza la duka moja pale mjini. Alikuwa pia mtoto wa mjomba wake Mwanahawa. Nikaapa kwamba sitasema.

Siku ya usaili walikaa watu wawili mbele yetu, Matroni na Bwana Daktari, mkuu wa hospitali. Mwanahawa aliingia kwanza. Alipotoka hakunitazama, nikajua mambo si mazuri.

Bwana Daktari ndiye aliyeanza kuniuliza. Alipenda maswali ya mitego, na alikuwa na moja alilolipenda kuliko yote. "Uko peke yako zahanati," alisema. "Wanawake wawili wanafika pamoja, wote wameshikwa na uchungu, wote hali zao mbaya sawasawa. Mmoja ni mke wa Liwali, mwingine ni mke wa mpagazi. Utamhudumia nani, utamwacha nani?"

Swali hilo lilinikera hata kabla hajalimaliza. Nilikulia milimani, nyanya yangu akizalisha, na sijapata kumwona mwanamke aliyekuja kujifungua peke yake. "Bwana Daktari," nikasema, "hao wanawake wameletwa na nani?"

"Swali langu halisemi."

"Lakini wameletwa. Mke wa Liwali hatembei peke yake, na mke wa mpagazi ana mama au ana mkwe. Nitawalaza chumba kimoja, mikeka karibu. Mama zao nitawaambia wanawe mikono, mmoja ashike miguu, mwingine achemshe maji na kuniita akiona damu. Mimi nitakuwa katikati."

"Hao hawana mafunzo," akasema Matroni.

"Mikono wanayo, Matroni."

Bwana Daktari alicheka. Matroni hakucheka. Alikunja mikono mezani, akaniuliza polepole: "Mmeishi chumba kimoja na Mwanahawa. Ana kasoro gani?"

"Anaongea sana na wagonjwa akiwafunga bandeji."

"Nimeambiwa anaonekana na mwanamume barazani kwa mafundi. Nimemuuliza, ameniambia ni mtoto wa mjomba wake. Sasa nakuuliza wewe. Mwanahawa ameolewa?"

Hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyobanwa. Masista walinifundisha kwamba uongo ni dhambi, na mimi niliamini, naamini mpaka leo. Kiapo nacho ni kiapo. Na nafasi ni moja: nikisema ndiyo, kazi ni yangu palepale. Nilichukia kwamba mtu mzima aliyesoma anaweza kumweka msichana mahali kama pale, kisha akanywa chai yake akisubiri.

Nikasema, "Matroni, yale aliyoniambia mwenzangu chumbani nikikuambia wewe leo, kesho nikiwa mkunga nitawaambia watu yale wanayoniambia akina mama wakiwa kwenye uchungu. Na wanasema mengi. Wanataja hata baba wa mtoto. Wewe unamtaka mkunga wa namna gani?"

Bwana Daktari akamgeukia mwenzake. "Ameshakujibu."

"Amekwepa," akasema Matroni.

"Inawezekana. Mimi nitamchukua."

Nilitoka pale kichwa juu, nikijiona nimeshinda. Kesho yake asubuhi Matroni alituita wote wawili. Mimi nikapewa sare. Mwanahawa akaambiwa afungashe vitu vyake.

Nilimkuta kwenye karo la kufulia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nasikia ulitoa hotuba," akasema.

"Sikusema kitu, Mwanahawa. Wallahi sikukutaja."

"Ndiyo. Hukusema kitu, na Matroni ana akili. Kama ningekuwa sina mume ungesema hapana upesi, mambo yakaisha. Umeficha kitu mbele ya watu, kila mtu akajua kipo." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Neno moja tu lingetosha. Hapana. Ungekwenda kuungama kwa padri wako baadaye."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunifanya mimi nibebe mume wake, nikamkasirikia Matroni, nikajikasirikia mwenyewe, maana alichosema kilikuwa kweli. Jibu langu zuri lilikuwa limenifaa mimi tu. Dhamiri yangu safi, kazi ninayo, na yeye anakwenda nyumbani.

Kwa siku mbili nilifanya kazi nikiwa nimenuna hadi wagonjwa wakaniuliza kama naumwa. Siku ya tatu aliletwa mama kutoka Kiswere, kijiji cha wavuvi pwani, amekaa na uchungu muda mrefu kupita kiasi, mtoto ametanguliza makalio. Mama tulimwokoa, mtoto hatukumpata. Bwana Daktari alikuwa ananawa mikono huku akilalamika, kama alivyokuwa akilalamika kila mara, kwamba Kiswere kuna zahanati na kuna nyumba ya mkunga inayoliwa na mchwa, na hakuna msichana anayeweza kupelekwa kuishi kule peke yake.

Nilikuwa nimeshika taulo lake. Nikajiuliza sharti lile la kutoolewa lilitoka wapi. Lilitoka bwenini. Wasichana walilala pamoja, na hospitali haikutaka waume mlangoni. Kiswere hakukuwa na bweni.

Sikumwambia Bwana Daktari kitu. Siri haikuwa yangu. Nilipotoka zamu nilikwenda moja kwa moja Rasbura, nikamweleza Mwanahawa, Saidi akiwa amekaa kando anatia uzi kwenye sindano.

"Kiswere?" Mwanahawa alisema. "Mimi, mtu wa mjini, nikaishi Kiswere na harufu ya samaki wakavu wa ng'onda?"

Nilikaribia kuinuka niondoke. "Unataka kazi au hutaki?"

Saidi ndiye aliyejibu, bila kuinua macho. "Wavuvi nao wanavaa suruali. Cherehani itabebeka."

Asubuhi iliyofuata walikwenda wote wawili kwa Bwana Daktari, mke na mume, wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Mwanahawa alisema mwenyewe kwamba ameolewa, na kwamba kwa sababu ameolewa ndiyo maana anafaa kwenda mahali ambapo msichana hawezi. Mimi niliitwa niwepo. Matroni alikuwa mwekundu kwa hasira.

"Ulinidanganya," akamwambia.

"Nilikuambia ni mtoto wa mjomba wangu, Matroni. Ndiye huyu. Ni mtoto wa mjomba."

Bwana Daktari alitazama dirishani kwa muda. Nadhani alikuwa anazuia kicheko. "Matroni," akasema, "bweni ni lako, hutanisikia nikiliingilia. Lakini ile nyumba ya Kiswere nimechoka kuiona tupu." Matroni alikubali, akasisitiza kwamba si kawaida na haitakuwa kawaida.

Ikawa kawaida. Mwaka nilioolewa mimi, nilimwendea Matroni kabla hajaniuliza. Alivuta pumzi kama mtu aliyechoshwa na sisi sote, akanipeleka milimani kwetu Kipatimu, ambako nako hakukuwa na bweni. Nikatembea njia mbovu za milima ya Matumbi miaka mingi, mvua na jua, mpaka Mganga Mkuu wa wilaya aliponihamishia Kilwa kusimamia wodi ya wazazi.

Sasa nimestaafu, na wajukuu wa watu huja hapa nyumbani wakiwa na usaili wao. Wamesikia hadithi ya jibu langu kwa Matroni. "Bibi, shikamoo. Tufundishe na sisi jibu kama lile." Nawaitikia marahaba, kisha nakasirika. Jibu lile lilimfukuzisha mwenzangu kazi. Wanataka maneno ya kuwapendeza wakubwa. Kutembea mpaka Rasbura jua la mchana hakuna anayenitaka nimfundishe.

Mimi nami nilikalia kile kiti cha kuuliza. Ilikuwa Kilwa, Waingereza bado wapo, na Mganga Mkuu aliniachia nichague msaidizi. Msichana wa kwanza aliingia, akakaa, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Mama, yule mwenzangu aliye nje ana mimba. Anaificha kwa kanga."

Sikuwa nimemuuliza. Nikamwambia asante, atoke, amwambie huyo mwenzake aingie akae, maana alikuwa amesimama juani tangu asubuhi.

Yule wa pili ndiye niliyemwajiri. Alijifungua katika wodi yetu, mtoto wa kike, akarudi kazini mwanawe mgongoni. Siku nilipostaafu, funguo za chumba cha kujifungulia nilimkabidhi yeye.