Pamba Iliyopungua

Katika karakana ya ushonaji alikofanya kazi miaka tisa, mkataji alisifika kwa mkono mtulivu. Vipande alivyokata havikurudishwa. Ndiyo maana siku bosi alipomwita mbele ya washonaji wote, akamwambia kuwa majora ya pamba ya sare za wauguzi yanapungua mikononi mwake, alidhani amesikia vibaya. Mtunza stoo alipima kila jora likiingia: mita thelathini. Likitandazwa kwenye meza ya kukatia, mita ishirini na nane na nusu. Tena majora manne mfululizo.

Alijitetea, lakini hakuwa na ushahidi. Wenzake waliinamia cherehani zao kana kwamba wanatafuta sindano iliyoanguka. Bosi akamtaka akabidhi mkasi, akakae nyumbani mpaka atakapoitwa.

Hapo ndipo mpiga pasi alipoweka pasi yake chini. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, aliyeacha shule darasa la nne na kulea watoto watano peke yake. Walimpachika jina la Bi Subiri, kwa kuwa hakulikubali jambo wala kulikataa kabla ya kulichunguza. Walimtania kwamba hata nyanya sokoni lazima azihoji moja moja.

"Subiri kwanza, bosi," alisema. "Jora likitoka stoo linapita wapi?"

"Kwako, kwenye pasi ya mvuke."

"Basi kama ni wizi, mwizi anaweza kuwa mimi. Mbona hukuniita?"

Mama akaendelea bila kupandisha sauti. Aliuliza kama nailoni ya makoti ya mvua nayo imepungua. Mtunza stoo akapekua daftari: hata sentimita moja. Na pamba ya zamani? Kamili. Ilikuwa ni pamba mpya tu, iliyoanza kuletwa mwezi ule.

"Mwizi gani huyu anayechagua pamba mpya peke yake, na kila siku anaiba kiasi kilekile?"

Akaomba kipande cha pamba ile. Akachora mistari miwili ya chaki, bosi mwenyewe akapima katikati yake: mita mbili. Pasi ikapita, mvuke ukafuka, kitambaa kikaachwa kipoe. Bosi akapima tena. Akavua miwani, akaifuta, akapima mara ya tatu. Sentimita kumi zilikuwa zimeyeyuka mbele ya macho ya watu ishirini. Mshonaji mmoja akapiga hesabu kwa vidole: kwa jora zima, mita moja na nusu.

Bosi alimrudishia mkataji mkasi, akamwomba radhi palepale, mbele ya walewale waliosikia shutuma.

Walipotoka kazini, mkataji alimngoja mama yule getini, machozi yakimlengalenga, akamwambia hajui amshukuru vipi kwa kumtetea.

"Sikukutetea, mwanangu," alijibu. "Sikujua kama umeiba au hujaiba. Nilitaka kujua."

Maneno yale yalimchoma kidogo. Alipofika kwake yalikuwa yamemtuliza. Angekuwa ameokolewa kwa kupendwa tu, watu wangeendelea kunong'ona.

Mwaka uliofuata mwalimu alimwita mkataji kuhusu binti yake, aliyekuwa ameshuka kutoka nafasi ya tano hadi ya arobaini. Baba alikuwa ameshaandaa maneno makali ya kumwambia. Akirudi nyumbani na ripoti mkononi, akajikuta anajiuliza: ameshuka masomo yote? Kumbe la, kwenye imla alikuwa bado anaongoza. Ni yale ya kunakili ubaoni tu. Na si muhula ule ndipo alipohamishiwa dawati la nyuma? Juma lile binti alipimwa macho, akapata miwani, na baba akamshukuru Mungu kwa matusi ambayo hakuyatoa.

Bi Subiri alipostaafu, binti ndiye aliyemwandikia barua ya shukrani, kurasa mbili kamili. Baba aliongeza mstari mmoja chini. Jibu lilikuja baada ya siku nne: ameipokea kwa furaha, ameisoma mara mbili, ila ukurasa wa pili kuna sentensi hakuielewa, naye anaomba waje Jumapili wamfafanulie.