Nilimwambia Shangazi Mswada Si Sheria

Kosa ni langu, na aliyelibeba ni shangazi yangu. Naandika bila jina kwa sababu naona haya.

Shangazi alikuwa na kituo mtaani Wadi Kabir, nyuma ya magereji, cha mazoezi kwa watoto wasioweza kutembea. Kiliendeshwa kwa ufadhili wa taasisi ya nje. Mkataba wao ulituruhusu kusema tutakavyo juu ya haki za walemavu, ila tusimshawishi mtu kuunga mkono wala kupinga sheria mahususi.

Mimi ndiye mwanasheria wa ukoo. Kila karatasi ngumu huletwa kwangu, nami hujiona!

Ukatokea mswada wa kulazimisha majengo yawe na njia za viti vya magurudumu. Nikaandika barua kwa wazazi, wawaombe wajumbe wa Shura, baraza la nchi, waupitishe. Shangazi alishika kalamu, akasita.

“Nna khofu, mwanangu. Hii siyo ile sheria mahususi waliyotukataza?”

Nikacheka. Nikamwambia mswada si sheria, haujapita, hauna hata nambari. Umahususi wake uko wapi? Akatia saini kwa kuniamini.

Ukurasa wa maana za maneno, mwishoni mwa mkataba, sikuufungua. Unasema wazi kwamba rasimu yoyote inayojulikana inahesabika kuwa sheria mahususi, hata kama haijafika barazani. Kulalamikia majengo yenye ngazi tu ni ruhusa. Kuomba mswada ule upite ni marufuku. Sentensi mbili tu, jamani!

Wafadhili walipoiona barua walitukalisha Qurum, ofisini kwao, wakauliza nani alishauri. Nikainamisha kichwa. Shangazi akanitazama kidogo.

“Ni mimi,” akasema. “Sikumuuliza mtu.”

Ufadhili ukakatwa, kituo kikafungwa. Mama mmoja wa kijijini Yiti, ambaye mwanawe alikuwa ameanza kusimama bila kushikwa, alinipigia simu akiuliza ampeleke wapi. Nasikia mtoto hasimami tena.

Shangazi hajanilaumu hata siku moja. Ijumaa hunimiminia kahawa, na mgeni akiuliza jambo la sheria, husema aulizwe msomi wetu. Hasemi kwa kejeli. Ee Mola, bora angenitukana!

Wewe unayeaminiwa na watu wako, kama hujasoma mpaka mwisho, sema hujasoma. Na ukiulizwa nani alishauri, jibu palepale, maana ukinyamaza mara moja ulimi unakuwa mzito kila siku. Wazazi wa wale watoto bado wanamlaani shangazi, nami mpaka leo sijawaambia.