Mdomo wa Uvira na Filamu ya Matawi

Bagula alikuwa na mdomo, na mji mzima wa Uvira ulilijua hilo. Ujanani alikaa kando ya televisheni kwenye kibanda cha video, maikrofoni mkononi, akifasiri filamu za Kichina na za Kihindi bila kujua Kichina wala Kihindi. Watu walimfuata yeye. Wachina walikuwa mapambo tu. Kisha ikaja vita, ikaja kambi, ikaja ndege, na mwisho Louisville, mtaa wa Highview, ambako mdomo ule ulikosa kazi. Ghalani alipanga maboksi saa nane kwa siku bila kutamka neno. Ukimya ulimla. Hata king'ora cha moshi cha nyumbani kilisikilizwa kuliko yeye.

Mwaka 2015 Mmeksiko mmoja kazini akampa sidii ya filamu ya Kihispania. Kwenye kava alisimama mwanamke wa nguo nyeupe, na juu yake vijitawi viwili vimekumbatia maandishi. Wewe na mimi tunajua ile ni alama ya tuzo. Filamu ikishinda kwenye tamasha hupigwa chapa ya vijitawi. Bagula, mtoto wa kanisani, aliona Jumapili ya Matawi. Nguo nyeupe, matawi: filamu ya Mungu hiyo. Kwa hoja kama hiyo hata mimi nisingembishia.

Kumbe ilikuwa filamu ya kutisha, ya mji wa siku zijazo ambako chakula kimepungua na serikali inaitaka kila nyumba itoe mtu mmoja. Unatia saini, wenye makoti ya kijivu wanamchukua mtu wako, na harudi.

Aliifasiri kwanza Columbus, sebuleni kwa binamu yake Marcellin kule Westerville. Watu wakalia machozi ya toba. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini ya Bagula ilifika mpaka Buffalo. Pasta Gaspari wa kanisa dogo la watu wa kwao, mtaa wa Black Rock, akampigia simu: aje Jumapili, na wakimpenda, kila mwezi atasimama mbele ya kanisa kufasiri. Bagula aliruka kama mtoto. Safari hii mkewe, Alliance, alikuwa na likizo, wakaenda pamoja.

Hapo ndipo alipokosea. Alliance alifungasha saladi kiwandani na wanawake wa Guatemala, na kama wengi wetu huku, alijua Kihispania kabla ya Kiingereza. Bagula aliwahi kuambiwa. Ila siku alipoambiwa, alikuwa anaongea yeye.

Baada ya ibada shuka jeupe likatundikwa ukutani, watu wakajaa. "Bon, wapendwa," Bagula alianza, na sauti ya Uvira ikarudi yote. Makoti ya kijivu yalipotokea akasema, "Donc, hawa ni malaika. Banapita nyumba kwa nyumba kutafuta batakatifu." Damu ilipotiririka ngazini akapaza sauti, "Muangalie vile zambi zinatoka!" Watu wakaitika amina. Mzee Rutebuka, aliyekaa kambini miaka kumi na saba, aliitazama foleni ya wanaosubiri kuchukuliwa, akasema hawa wana bahati, wamepewa viti.

Alliance, safu ya pili, alijiziba mdomo kwa kitenge kuficha kicheko. Kisha akaacha kucheka. Mwanamke wa nguo nyeupe alikuwa amekaa mezani na mumewe, karatasi katikati yao.

"Anaandika jina ya bwana yake mu kitabu cha uzima!" alinguruma Bagula. "Anamupenda kabisa!"

Mwanamke akatia saini. Mume akaburutwa miguu, akipiga mayowe.

"Anafurahi," alisema Bagula, jasho likimtoka. Mwenyewe alishaanza kushuku, lakini mfasiri hashuki njiani.

Filamu ilipokwisha, Mama Kostansia, kiongozi wa akina mama, akasimama. "Mama Alliance, weye unatumika kiwandani na ba Mexicain, unasikia luga yabo. Ule bwana analia sana kwa mutu anaenda mbinguni. Njo bile banasema, ao papa Bagula anatudanganya?"

Bagula akashusha maikrofoni. Aliogopa, na kila mtu aliona. Neno moja la mkewe, na angerudi kwenye maboksi akiwa mwongo, bila mtu wa kumsikiliza tena mpaka kufa.

Alliance naye alikuwa na sababu zake za kulitamka. Miaka mitatu bwana huyu alimjibia kila mahali. Kliniki alimweleza daktari maumivu ya mgongo wa Alliance kwa Kiingereza chake cha kubuni, Alliance akaandikiwa miwani.

"Njo bile kabisa, mama," akasema. "Hakuruka hata neno."

Vigelegele vikapasua paa. Pasta akatangaza kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Garini, ziwa likiwa upande wa kulia, Bagula aliimba mpaka wimbo ukamwishia. "Ule mwanamke aliandika nini?"

"Aliandika bamubebe bwana yake."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Chakula ilipunguka. Na bwana alikuwa anasema sana."

Bagula alipunguza mwendo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo Alliance hakuwahi kuisikia, "Na weye? Ungeandika jina ya nani?"

"Nimesimama mbele ya Mungu na kanisa nzima nikasema uongo juu ya kukuokoa weye," alisema Alliance. "Unataka nisaini wapi tena?"