Masikio Yaliyonona

Msinicheke kwanza. Likizo hii niko Durban kwa mamdogo, na juzi alinibeba hadi mtaa wa Morningside kwenye darasa la kupika pasta ya kusini mwa Italia, ile yenye umbo la masikio madogo. Mamdogo alikuwa anawinda kazi jikoni kwa mwalimu, mama wa Kitaliano. Mimi nikajipa cheo cha mkalimani wa Kiingereza chake.

Mwalimu alibonyeza donge kwa kidole gumba: "Kama nonna! Fanyeni kama nonna!"

"Anasemaje?" mamdogo akaninong'oneza.

"Anataka yanone! Nenepesha, mamdogo!"

Eish, tulinenepesha! Yalitoka chunguni kama masikio ya tembo, ndani unga mbichi, nami nashangilia.

Mara akaingia kikongwe mwembamba kama tambi. Mwalimu akamkumbatia. "Nonna!"

Nikadakia kwa Kiingereza changu cha shule: "Hapana, madam, huyu hajanenepa hata kidogo!"

"Nani kasema kanenepa? Nonna ni bibi! Ndiye aliyenifundisha haya." Akaona sahani yetu. "Na haya ya kwenu, kafundisha nani?"

Nikamgeukia mamdogo aniokoe.

"Huyu?" akasema. "Tumekutana kwenye taxi tu."