Somo wa Wafalme

Ladislas anatengeneza simu Greyville, mtaa wetu huku ugenini, mlango wa pili kutoka saluni yangu. Ukimpelekea kioo kilichopasuka, jiandae kusikia habari za wafalme. Wafalme wa Hungaria walioitwa Ladislas, wafalme wa Poland walioitwa Ladislas, na mmoja wao mtakatifu kabisa. Wote ni somo zake. Kwa Waslavu, asema, jina hilo maana yake ni kutawala kwa utukufu, na mtu mwenye jina la namna hiyo hafagii. Mbele ya duka lake nafagia mimi.

Namcheka, lakini kinachomuuma nakijua. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Ana Goreth tu. Goreth alipojifungua mvulana, mzee alilia dukani mbele ya wateja. Alitaka mjukuu aitwe Ladislas, jina lisije likazikwa naye.

Wiki moja kabla ya ubatizo tulikwenda kumwona mtoto, na mzee akaanza kumbembeleza mkwewe, Audace. Angemtaja yule mtakatifu, mambo yangekwisha. Mdomo ukamponza.

"Iko Ladislas mmoja, walimuvika taji angali bébé!"

"Na papa yake alisemaje?" Audace akauliza.

"Eish, papa yake alishakufaka mbele mtoto azaliwe."

Audace akaweka soda chini. "Papa, unataka nikufe?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ladislas akaanza kueleza kwamba wako wengine walioishi miaka mingi, lakini nani alikuwa akimsikiliza?

Sasa, sisi Warundi jina la Kirundi tunalitumia kusemea. Ukiwa na neno na jirani, humgombezi. Unampa mtoto jina, na jirani atalisikia kila mama mtu akiita. Goreth ni Mrundi kamili. Siku ya ubatizo, padri alipouliza jina, akajibu kwa sauti ya kufika mlangoni: "Ezekieli Ntakarutimana."

Maana yake, hakuna kinachompita Mungu.

Kanisa zima likageuka kumtazama Ladislas. Angepinga vipi? Kulikataa jina hilo mbele ya altare ni kusema kipo kinachompita. "Amina," mzee akasema, nami nikamhurumia, kidogo.

Maji yalipomgusa, mtoto akaangua kilio, na Goreth akamtia mikononi mwa babu yake. Ikabidi ambembeleze, tena kwa jina lake. "Ntakarutimana," akaita. Mtoto hakunyamaza. Akaita tena, kwa sauti zaidi.